Hamri la shangazi limepungua: uchumi wa dunia unavyogeuka, ukitazamwa kutoka barazani Lamu

Mjukuu wa Nahodha (Langoni, Lamu)

Salamu wanajukwaa. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite salama, mwenye nafasi avute mkeka.

Jumamosi asubuhi nilikuwa barazani kwa shangazi yangu akikaanga mahamri. Nilichukua moja nikaliweka kiganjani. Kabla ya korona, hamri lake la shilingi kumi lilinifunika kiganja kizima, ncha zikaning'inia nje. Sasa kumi ni ile ile, lakini hamri limelala katikati ya kiganja kama kitoto na vidole vyote naviona. Nikamtania: shangazi, umeanza ubahili? Hakuinua macho kwenye karai. "Bahili si mimi. Waulize wenye mafuta."

Basi nikaenda kuwauliza.

Tulipasue hamri lenyewe. Unga ni wa ngano, na ngano inayolimwa Kenya haitutoshi. Nyingi huja na meli, na Urusi na Ukraini zilikuwa miongoni mwa waliotuuzia kwa wingi. Mafuta ni ya mawese, na Indonesia na Malaysia peke yao hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese ya dunia. Iliki, ukiulizia muuzaji mkubwa wa dunia utaambiwa Guatemala, nchi ambayo shangazi hajapata kuisikia. Tui la nazi ndilo letu, na hata hilo siku hizi tunapigania na wagema.

Februari 2022 Urusi ikaingia Ukraini. Aprili 28 mwaka huo huo Indonesia ikazuia mawese yasiuzwe nje, maana watu wake wenyewe walikuwa wakihangaika kuyapata kwa bei ya kawaida. Zuio halikumaliza mwezi, Mei 23 likaondolewa. Lakini dumu la lita 20 hapa mjini lilikwisha kuruka, na shangazi akawa na njia mbili: apandishe bei au apunguze donge. Watoto wa madrasa huja na kumi mkononi, na mama zao hawatawapa kumi na tano. Akapunguza donge. Mwaka uliofuata, Julai 2023, India nayo ikazuia mchele mweupe usio basmati usitoke, ikaja zamu ya wali.

Hapa ndipo nilipokwama kwa siku kadhaa. Kufika mwisho wa 2022 bei ya mawese duniani ilikuwa imeporomoka. Mbona hamri halikurudi kunenepa?

Jawabu halikuwa Indonesia, lilikuwa Washington. Benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba Machi 2022 kutoka karibu na sifuri, na Julai 2023 ilikuwa imevuka asilimia 5. Mwenye pesa yake akiona Marekani inampa asilimia 5 bila wasiwasi, ataiacha Nairobi ifanye nini? Dola zikarudi kwao. Mapema 2022 dola moja ilikuwa shilingi 113 hivi, Januari 2024 ikavuka 160. Mawese yameshuka kwa dola, lakini shangazi hanunui kwa dola. Kile kilichopungua kule kiliongezeka huku, akabaki pale pale na donge lake dogo.

Na shilingi ilikuwa na hofu yake nyingine. Tulikopa dola bilioni 2 kwa kuuza nje hati za deni, Yurobondi, mwaka 2014, za kulipwa Juni 2024, na kila mwenye macho alikuwa akihesabu miezi. Februari 2024 Serikali ikakopa upya dola bilioni 1.5 ili ilipe sehemu kubwa ya lile la zamani. Deni la kwanza riba yake ilikuwa chini kidogo ya asilimia 7, hili jipya asilimia 9.75. Shilingi ikapumua, katikati ya mwaka dola ikashuka hadi kama 129. Tulishangilia. Ni shangwe ya mtu aliyekopa kwa jirani mkali ili amlipe jirani mpole.

Sasa ninachokiona mimi, na hapa mnikosoe. Kwa miaka thelathini dunia ilikuwa ikitafuta pa bei rahisi. Kiwanda kilihamia penye mshahara mdogo, meli ikapita njia fupi, mkopo ukachukuliwa penye riba ndogo. Tangu korona, dunia imegeuka kutafuta pa uhakika. Indonesia ilihakikisha watu wake wana mafuta kwanza, India ikahakikisha mchele wake, Marekani inatoza ushuru ili viwanda virudi nyumbani, kila mmoja anataka kununua kwa anayemwamini. Watu wanasema utandawazi umekufa. Haujafa, umeanza kuchagua marafiki. Na uhakika huo una bei. Nimekuonyesheni mmoja wa wanaoilipa, mwenye karai Langoni.

Meli nazo ni hivyo hivyo. Tangu Novemba 2023 Wahuthi, waasi wa Yemeni, walipoanza kuzishambulia Bahari ya Shamu, makampuni makubwa yaliacha Suez, mfereji uliokuwa ukipitisha kama asilimia 12 ya biashara ya dunia, yakazunguka Rasi ya Tumaini Jema, siku 10 hadi 14 zaidi. Zikawa zinapita huku kwetu. Na sisi tuna gati tatu za bandari mpya ya Lamu pale Magogoni, zenye kina cha mita 17 na nusu, ya kwanza ilifunguliwa Mei 20, 2021. Bahati imetupitia mlangoni jamani, tunaikamata vipi?

Nawasubiri.

Baharia Mstaafu

Mjukuu, umenena vyema mpaka kwenye meli, hapo ukapanda mwamba.

Nimekaa baharini miaka ishirini na mitatu. Meli inayotoka Singapore kwenda Rotterdam kwa kuzunguka Rasi haiji Lamu hata kwa kupotea. Inakata bahari kutoka mlango wa Malaka moja kwa moja, inapita kusini ya Madagaska, inashika Rasi. Kati yako na meli hiyo kuna safari ya siku kadhaa. Zilizokaribia kwetu ni za Ghuba na Bara Hindi, na za kuja Mombasa zenyewe. Usimwambie mtu kwamba meli za Suez zinapita Kiwayu.

Kilichotufikia si meli, ni gharama ya meli. Safari ikirefuka siku kumi na nne, meli ile ile inafanya safari chache kwa mwaka, na kasha tupu linachelewa kurudi. Ni kama punda wako wa kubeba maji: kisima kikihamia mbali, si lazima punda afe ndipo ukose maji. Robota la mitumba la kutoka Ulaya lilikuwa linapita Suez, likawa linazunguka bara zima ndipo lifike Mombasa.

Na kuhusu gati zetu. Meli kubwa hushusha makasha, yakapangwa uwanjani, kisha meli ndogo zikaja kuyachukua kuyapeleka Mombasa, Zanzibar au Dar. Kasha linateremka Magogoni na kupakiwa Magogoni. Halijui hata rangi ya mchanga wa Lamu. Bandari inahesabu kazi, sawa, lakini mji haupati shehena mpaka kuwe na ndia ya kuingia bara.

Mjukuu wa Nahodha

Baharia, nimekubali, nimeteleza. Nilitazama ramani ya ukutani badala ya kuuliza mwenye kujua. Babu angenicharaza.

Mwalimu wa Jiografia (Mpeketoni)

Hilo la ndia ya kuingia bara ndilo lenyewe. Machi 2, 2012 marais Kibaki na Salva Kiir na Waziri Mkuu Meles Zenawi walikuja hapa kuzindua LAPSSET: bandari, reli, barabara, na bomba la mafuta la kutoka Sudan Kusini. Nilikuwa mwalimu mpya, tuliwapanga watoto kando ya barabara wakapunga bendera.

Mwaka 2014 pipa la mafuta lilikuwa zaidi ya dola 100. Januari 2016 likashuka chini ya 30. Miezi mitatu baadaye, Aprili 2016, Uganda ikatangaza kwamba bomba lake litapita Tanzania kwenda Tanga, kilomita 1,443, si Lamu. Yalitajwa ya usalama na ya gharama ya njia yetu, na Tanga ilikuwa na bandari tayari. Mimi nasema pia bei ilisaidia kuamua: pipa likiwa 100 mtu ana ujasiri wa kupasua jangwa, likiwa 30 anatafuta njia isiyo na visirani. Mradi wa nchi tatu ukabaki na kichwa kilichokwisha na mwili usioanza. Wale watoto wa bendera sasa ni watu wazima, baadhi wako Qatar.

Ethiopia, ambayo ndiyo ingekuwa mteja wetu mkubwa, shehena yake karibu yote bado inapitia Djibouti. Nayo sasa imo BRICS, umoja wa kina China, Urusi na India, tangu Januari 2024 na inatafuta bahari kila upande. Hao ndio wa kuwafuata, si meli za Suez.

Fundi wa Matondoni

Nyote mwazungumza kama haya ni mapya. Mui huu ulishapigwa na dunia zamani.

Marehemu baba yangu aliunda majahazi. Biashara ilikuwa boriti. Zikikatwa huku kwenye mikoko, zikipakiwa, na kaskazi ikigeuka kuwa kusi zombo zikienda Arabuni na Ghuba ya Ajemi. Kule hakuna miti. Nyumba zao ziliezekwa kwa boriti zetu, na ndiyo maana vyumba vya kale vya kule na vya hapa Lamu ni vyembamba sawasawa: upana wa chumba ni urefu wa boriti, hauwezi kuzidi. Jahazi likirudi na tende, chumvi, mazulia.

Kisha wakapata mafuta. Bahrain 1932, Kuwait na Saudia 1938. Mwenye mafuta akanunua saruji na nondo, akajenga chumba cha upana anaotaka. Boriti ikakosa heshima. Mwaka 1982 Serikali yetu ikazuia boriti kuuzwa nje kabisa, lakini mnunuzi alikwisha kuanza kutupa mgongo kabla ya hapo. Baba alibaki na misumari ya jahazi ndani ya debe mpaka ikashika kutu. Lile debe ninalo, nimelikalia sasa hivi ninapoandika.

Kwa hiyo mkisema dunia inageuka, nawauliza: inageuka na kutaka nini chetu? Zamani ilitaka boriti.

Kijana wa Shela

Uzi safi. Nimeanza kusoma chai ikiwa moto, sasa ni ya barafu 😂

Bi Mkomani

Na mimi niseme la nyumbani. Mjukuu ameandika kama vile shilingi kushuka ni msiba wa kila mtu. Mume wangu yuko Doha, ni mlinzi. Riyali ya Qatar imefungwa na dola, 3.64 kwa dola moja, haicheki wala hainuni. Shilingi ilipoanguka, riyali elfu moja aliyotuma ilinipa kama elfu arubaini na nne. Nilimalizia choo na nikanunua jokofu. Shilingi ilipopona mkashangilia, riyali elfu moja ile ile ikawa elfu thelathini na tano. Kazi yake haikupungua hata saa moja. Karo nayo haikupungua.

Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma karibu dola bilioni 4.9. Ndiyo bidhaa yetu mnayoitafuta, Fundi. Zamani tulipakia boriti, sasa tunapakia waume.

Fundi wa Matondoni

Bi Mkomani, hilo limenichoma. Sina la kuongeza.

Mwalimu wa Jiografia

Bi Mkomani amegusa jambo kubwa kuliko bei. Dunia tajiri inazeeka. Japani nusu ya watu wake wana karibu miaka 49 au zaidi. China yenyewe ilianza kupungua mwaka 2022, mara ya kwanza tangu njaa ile ya miaka ya sitini. Kenya nusu ya watu hawajafika miaka 21 au wamefika juzi. Ujerumani ilitia saini na Kenya mkataba wa wafanyakazi Septemba 2024, haikutuhurumia, inahitaji wauguzi na madereva. Viwanda vinaweza kurudi kwao kwa ushuru, lakini mkono wa kumwosha mzee haurudi kwa ushuru.

Binti Siyu

Wengine tulijaribu kufanya kazi za nje bila kupanda ndege. Nimekuwa mfasiri wa mtandaoni tangu 2018, nikiwa chumbani kwetu, mteja yuko ng'ambo. Malipo kwa neno. Nilikuwa nalipwa vizuri kiasi cha kumshangaza baba.

Kisha ikaja akili unde (Watanzania wanaiita akili mnemba, hatujakubaliana jina na tayari imeshatupokonya kazi). Wakala mmoja akaniandikia kwamba kuanzia sasa mashine ndiyo itafasiri na mimi nitasahihisha, kwa theluthi ya malipo. Nikafikiri, kusahihisha si kazi nyepesi? Siku ya kwanza nikakuta mashine imefasiri maneno ya kampuni ya bima, ikasema mteja "atafunikwa" badala ya kulindwa na bima. Nikacheka peke yangu, maana huku kwetu anayefunikwa ni maiti. Nilikaa na ukurasa huo muda ule ule niliokuwa nikifasiri mwenyewe. Theluthi ya malipo, kazi nzima.

Na kuna siku, Mei 2024, intaneti ilizorota pwani yote na bara, kwa sababu nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika huko kusini karibu na Msumbiji. Miezi michache kabla, nyaya za Bahari ya Shamu nazo zilikatwa, na waliochunguza walisema ni nanga ya meli iliyopigwa na Wahuthi iliyoburuta chini. Baharia anasema meli hazipiti kwetu, kweli, lakini nanga zao zinatufikia.

Baharia Mstaafu

😂 Nimeshikwa.

Mvuvi wa Kizingitini

Mimi sijui dola. Najua mashine ya boti inakunywa petroli, na Septemba 2023 petroli ilivuka shilingi 200 kwa lita hata Nairobi, huku visiwani usiniulize. Ghuba walikuwa wamepunguza kuchimba ili bei ipande, na kodi yetu hapa ikawa imepandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka huo huo. Tulirudi kwenye tanga. Wazee walifurahi, sisi vijana migongo iliuma.

Kamba mawe wetu wanauzwa wakiwa hai. Mwanzoni mwa 2020 Wachina walipojifungia, mnunuzi wetu aliacha kuja bila kuaga. Tulikula kamba kwa wali wiki mbili. Mtalii hulipa maelfu kwa sahani ile. Watoto walichoka wakalilia maharage.

Na kwa hiyo bandari mnayoisifia kina, kina hicho kilichimbwa penye malisho ya samaki wetu. Mahakama Kuu mwaka 2018 iliamua wavuvi kama 4,600 tulipwe shilingi bilioni 1.76. Tumeenda kwenye mikutano ya malipo hayo mpaka viatu vimeisha soli.

Kijana wa Shela

Naongeza moja tu la kutia moyo, tusilie uzi mzima. Kumbukeni mtambo wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe Kwasasi, hapa Lamu, megawati 1,050. Tulikataa, mahakama ya mazingira ikafuta leseni yake Juni 2019, mwaka uliofuata benki kubwa ya Kichina iliyokuwa itoe pesa ikajiondoa. Septemba 2021 China ikatangaza Umoja wa Mataifa kwamba haitajenga tena mitambo ya makaa nje. Siyo kwa ajili ya Lamu pekee, najua. Paneli za jua ziliporomoka bei takriban asilimia 90 ndani ya miaka kumi, na China hutengeneza zaidi ya asilimia 80 yake. Anayeuza paneli hana haja ya kukulazimisha makaa. Mimi nafunga paneli kwenye nyumba za Shela na mashamba ya kule mji wa Hindi. Mwaka jana nilifunga ya kusukuma maji kwa mzee mmoja. Alikaa chini ya mwembe akitazama maji yakitoka bila moshi, akaniuliza mara tatu: "Na bili huja lini?"

Mwalimu wa Jiografia

Jambo jingine la Kichina, kwa wanaofuatilia madeni: Oktoba 2025 Serikali ilitangaza kwamba mikopo ya reli ya SGR imegeuzwa kutoka dola kuwa yuani, na kwamba itaokoa kama dola milioni 215 kwa mwaka kwa riba. Mimi sifungui shampeni, wala siinywi. Deni ni lile lile, limebadilishwa kanzu. Lakini ni dalili kwamba hata wadeni wadogo wameanza kuhesabu kwa sarafu nyingine.

Fundi wa Matondoni

Yuani si mgeni hapa. Mwaka 2013 wachimbaji wa mambo ya kale walipata sarafu ya Kichina pale Manda, ya enzi ya mfalme Yongle, miaka mia sita nyuma. Basi imerudi.

Mjukuu wa Nahodha

Wapendwa, nimeupitia uzi wote barazani, nikimsomea shangazi kwa sauti huku anachekecha unga. Nilipofika kwa Bi Mkomani aliacha kuchekecha. Nilipofika kwa Binti Siyu akasema mashine hiyo ina ulimi mchafu.

Swali la Fundi ndilo limenishinda: dunia inageuka na kutaka nini chetu? Nilidhani jawabu ni gati. Baharia kanionyesha kuwa gati bila ndia ni meza isiyo na sahani. Nikadhani ni watu, Bi Mkomani kanionyesha bei ya watu hao kwa riyali. Sina jawabu zuri, nawaambia wazi.

Shangazi ana swali lake, kaniambia niliandike kama alivyolisema. "Hiyo meli kubwa ikifunga gatini, mabaharia wake wanakula nini asubuhi?" Baharia, wewe ndiye mwenye kujua.

Baharia Mstaafu

Mpe salamu, nami namjibu kwa adabu. Wengi wao ni Wafilipino, na mpishi ni wao. Asubuhi ni wali wa kukaanga kwa kitunguu saumu, mayai na samaki mkavu. Hawashuki. Meli inalipa kwa kila saa iliyokaa, ikishamaliza makasha inang'oa usiku huo huo.

Lakini mwambie walinzi wa lango na madereva wa kreni hubadilishana zamu saa kumi na mbili asubuhi. Hao wanakunywa chai kavu. Boti ya kwanza ya Mokowe ikiondoka mapema, mahamri yatafika yakiwa moto. Asipunguze donge, wale ni watu wazima, wana ishirini.